Majina Sita Kutoka Kinshasa

Modeste hakuwa na desturi ya kufuta. Kwa miaka ishirini na miwili aliyofanya kazi ya apariteri katika Chuo cha Mwambao, pale Kalundu, juu kidogo ya bandari ya Uvira, hakuna mtu aliyewahi kuona raba juu ya meza yake. Apariteri ndiye mtunza majina wa chuo. Anaandikisha wanafunzi, anahifadhi mafaili yao, na anaandika saa ambazo kila mwalimu amefundisha. Mwanafunzi akihama au akifariki, Modeste alichukua rula yake ya mbao na kupiga mstari mmoja mwembamba juu ya jina, kwa wino wa buluu. Mstari mmoja tu, ili jina lililo chini yake liendelee kusomeka.

"Huyu alifika hapa," aliwaambia waliomwuliza sababu. "Hata kama ameenda, alifika."

Yeye mwenyewe hakusoma chuo. Alizaliwa Kiringye, katika tambarare ya Ruzizi, akamaliza sekondari mwaka ule vita ya kwanza ilipoingia, na masomo yake yakaishia hapo. Labda ndiyo sababu kila mwezi wa saba alipanda pikipiki na kurudi tambarare kuwatafuta vijana waliofaulu mtihani wa serikali. Siku ya Jumapili aliomba dakika tano mwishoni mwa misa au ibada, akasimama mbele ya wazazi akiwa amevaa koti lake la kahawia, na maneno yake yalikuwa yale yale kila mwaka. Chuo kiko Uvira. Mtoto hatapanda ndege. Diploma yake itakuwa sawa na ya mtoto wa Kinshasa, kwa sababu muhuri ni mmoja.

Wengi wetu tuliotoka tambarare tuliingia chuoni kwa sababu ya hizo dakika tano.

Mmoja wetu alikuwa Fabiola, mtoto wa dada yake Pudentienne. Pudentienne ni mjane, analima mpunga Bwegera. Fabiola alipomaliza sekondari alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha Bukavu, na mama yake alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Modeste ndiye aliyewazuia. Alimwambia dada yake kwamba Bukavu ni mbali, kwamba barabara haiaminiki, na kwamba mtoto akiwa Kalundu atakuwa mbele ya macho yake. Mizigo ikafunguliwa. Fabiola akaandikishwa katika idara ya maabara, na mjomba wake ndiye aliyeandika jina lake katika rejesta.

Kufikia mwaka 2024 alikuwa darasa la mwisho. Katika kituo cha afya cha kijiji chao kulikuwa na darubini nzuri ya kupimia damu, iliyokaa mwaka mzima imefunikwa kitambaa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuitumia. Damu ya wagonjwa ilisafirishwa kwa pikipiki hadi Sange, na majibu yalirudi wakati mwingine mgonjwa akiwa amekwisha kupona, wakati mwingine akiwa amekwisha kuzikwa. Josée, muuguzi mkuu wa kituo, alikubali kumwekea Fabiola nafasi ya kazi ya maabara hadi mwezi wa kumi na mbili. Alitaka kitu kimoja tu, diploma yenye muhuri wa serikali.

Mwezi wa nne ikaja fomu.

Kila baada ya miaka mitatu tume kutoka Kinshasa ilipanga vyuo vyote vya nchi kwa madaraja, kuanzia A hadi D. Chuo cha daraja D hakiruhusiwi tena kutoa diploma. Katika orodha iliyotangulia, vyuo kumi na saba kati ya ishirini vya juu vilikuwa katika mji mkuu na katika mkoa mmoja ambako wakubwa wa wakati ule walizaliwa. Chuo chetu kilipata C, na kikaishi. Uvira watu waliita orodha ile mvua ya Kinshasa, kwa kuwa ilinyesha daima juu ya mashamba yale yale.

Ukurasa wa tatu wa fomu uliuliza majina ya walimu wenye udaktari, na ulikuwa na mistari sita. Modeste alijaza minne. Chuo kidogo kama chetu hakina walimu wakubwa wa kudumu. Mwalimu anatoka Bujumbura au Bukavu, anafundisha asubuhi na alasiri kwa siku kumi mfululizo, anatoa mtihani, anarudi kwake. Ndivyo vyuo vingi vya kwetu vinavyofanya kazi. Lakini wale wanne walikuja kweli, mwaka baada ya mwaka, na saa zao zote zilikuwa katika rejesta, na sahihi zao pembeni.

Mkuu wa chuo, Toussaint, ambaye wote tulimwita DG, aliisoma ile karatasi, kisha akairudisha mezani.

"Papa Modeste, hii liste hatuwezi kutuma."

"Kwa nini, mukubwa? Njo bale banafundishaka, njo balimu betu."

"Njo bale banafundishaka, najua. Lakini soma majina kama vile mutu wa Kinshasa atasoma." DG akaweka kidole juu ya jina la kwanza. "Ndihokubwayo. Atauliza, hiki chuo kiko Kongo ao Burundi? Wa pili wa Bukavu. Wa tatu wa Fizi. Wa nne wa hapa hapa Uvira. Unaona? Hakuna hata mumoja wa kwao."

"Fomu inauliza digrii, mukubwa. Haiulize mutu ametoka wapi."

DG akacheka, bila ubaya. "Weye uko mutu muzuri sana. Mara ya mwisho tulituma majina ya kweli. Tulipata nini?"

"C."

"Na kile chuo cha kwa bakubwa, kile cha darasa tatu na genereta?"

"A," akasema Modeste. Kila mtu alijua.

DG akafungua droo, akatoa karatasi iliyoandikwa majina sita. Wote walikuwa maprofesa wa mji mkuu, watu wenye majina yanayosikika redioni. Watano kati yao hawakuwahi kuiona Uvira. Wa sita, Profesa André, alikuja mara moja mwaka 2019, akafundisha siku tisa, akamsifu sana mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, na hakurudi tena.

"Huyu alifundisha hapa," DG akasema. "Hatudanganye sana."

Modeste alikuja kusema baadaye kwamba angeweza kukataa. DG hakumtisha, wala hakumpa ahadi yoyote. Aliandika yale majina sita kwa sababu na yeye aliamini. Alikuwa ameona miaka mingi jinsi karatasi za Uvira zinavyopokelewa kule, na aliposoma jina la Ndihokubwayo kwa jicho ambalo DG alimwazima, yeye pia aliona mto Ruzizi na mpaka, hakuona tena mtu aliyefundisha pale miaka kumi na moja bila kukosa. Akaandika orodha mpya kwa mwandiko wake mzuri. Ile ya kwanza akaikunja na kuiingiza ndani ya rejesta.

Tume ilimtuma mkaguzi mmoja, katikati ya mwezi wa tano. Huo ndio wakati ziwa lilikuwa limepanda kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Nyumba za chini zilikuwa zimeachwa, watu wakivuka barabara kwa mtumbwi, na uani pa chuo maji yalifika magotini. Vitabu vilikuwa ndani ya makatoni, juu ya meza zilizopangwa moja juu ya nyingine. Masomo yalikuwa yamehamia ukumbi wa kanisa lililo upande wa mlima.

Mkaguzi aliitwa Cyprien. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini bila kulalamika. Alikuwa na miaka kama arobaini, na alipofungua kinywa tulishangaa kusikia Kiswahili. Alizaliwa Kalemie, kwenye ziwa lile lile. DG alishangaa kuliko sisi. Alikuwa ameandaa hotuba ya Kifaransa na salamu mbili za Kilingala.

Alihesabu vitabu, akaangalia darubini za maabara, akawauliza wanafunzi watatu maswali. Mwisho akaketi mbele ya Modeste, orodha ya majina sita mkononi.

"Mzee, rejesta ya walimu iko wapi? Ile ya masaa."

DG akakohoa. "Maji ilituharibia vitu mingi, Chef."

Cyprien hakumgeukia. "Nauliza weye, mzee. Nikiona rejesta, hii liste sina haja nayo. Liste kila mutu anaweza kuandika."

Rejesta ilikuwa nyumbani kwa Modeste, juu ya kabati, imefungwa katika nailoni. Aliipeleka huko siku ya kwanza maji yalipoingia, kabla hata hajainua kitanda chake mwenyewe juu ya matofali. Hakuna ukurasa uliolowa. Ndani yake kulikuwa na miaka ishirini na miwili ya kweli, lakini hapakuwa na saa moja ya wale maprofesa watano, na Profesa André alikuwa na siku zake tisa tu. Rejesta ikija, orodha inakufa.

"Maji iliichukua," akasema Modeste.

"Pole sana," akasema Cyprien, na ilionekana kwamba alisikitika kweli. Akaandika kitu. Akamwachia Modeste namba yake ya simu, akisema kwamba baadhi ya rejesta hukaushwa juani zikasomeka, na kwamba ikitokea hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, ampigie.

Modeste aliikunja ile namba na kuiweka mfukoni. Hakupiga.

Orodha ilitoka mwezi wa nane. Ilifika kama picha kwenye simu, hafifu, ikapita kutoka mkono hadi mkono. Fabiola ndiye aliyeikuza kwa vidole viwili, na Modeste akasoma akiwa amesimama nyuma yake. Chuo cha Mwambao, D. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, na wale wa darasa la mwisho walikuwa wamebakiza utetezi wa kazi zao za mwisho za utafiti tu.

"Mujomba," akasema Fabiola. "D iko maana gani? Kwetu sisi ba mwisho?"

"Ngoja kwanza," Modeste akajibu. "Ngoja."

Mji mzima uliwaka. Redio zilifungua simu, na kila aliyepiga alisema jambo lile lile: Kinshasa haitupendi, mashariki ni kwa kuchimba na kuzika tu. DG alihojiwa mara tatu. Alisema kwa sauti yake nzuri kwamba chuo kimeadhibiwa kwa sababu ya mahali kilipojengwa. Bandarini wabebaji wa mizigo walikuwa na utani wao.

"Mwaka huu kuna mwanafunzi mumoja tu aliingia chuo bila konkuru, bila mtihani hata mumoja," akapaza sauti mmoja, gunia la saruji begani.

"Nani huyo?"

"Ziwa! Na lenyewe lilipewa D!"

"Lingekuwa ziwa la kwao lingepata A."

Wakacheka, lakini wawili kati yao walikuwa na watoto pale chuoni, na hao hawakucheka.

Siku ya Jumatatu tuliandamana hadi ofisi ya meya. Tulishona kitambaa kirefu cheupe tukaandika SISI PIA NI KONGO. Tulimwomba Papa Modeste ashike upande mmoja wa mbele, kwa kuwa hakuna mtu aliyeheshimiwa zaidi yake. Upande wa pili alishika Fabiola. Walitembea hivyo kutoka Kalundu hadi mjini katika jua la saa tano, mjomba na mpwa, na kitambaa kikiwa kimevutwa sawasawa kati yao. Watu walitoka madukani kupiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, na nakumbuka nilivyoona fahari.

Alhamisi ilifika bahasha yenye ripoti. Kupokea barua ilikuwa kazi ya apariteri, kwa hiyo Modeste alitia sahihi, akaifungua, akasoma peke yake.

Alama za kufaulu zilikuwa hamsini. Chuo kilikuwa kimepata arobaini na moja. Maabara ilipewa alama nzuri. Wanafunzi waliojibu maswali walisifiwa kwa sentensi nzima. Jengo lilipata alama nne kati ya ishirini, kana kwamba sisi ndio tulioliita ziwa. Sehemu ya walimu ilikuwa sifuri. Chini yake palikuwa na mistari miwili: majina yote sita yamekwisha kuhesabiwa katika chuo kingine, rejesta ya saa haikuonyeshwa.

Nyuma ya ripoti walikuwa wamebandika kanuni. Daktari mmoja aliyethibitishwa alikuwa na thamani ya alama tatu.

Nyumbani, Modeste akatoa ile orodha ya kwanza, iliyokunjwa ndani ya rejesta. Wanne. Hakuhitaji karatasi ya kujumlisha. Hamsini na tatu.

Alisoma mara nyingine, na safari hii aliona jambo jingine. Ripoti ilitaja chuo ambamo wale sita walikuwa wamehesabiwa. Kilikuwa chuo kimoja cha mji mkuu, na katika orodha ya tume kilikuwa na B. Lakini Modeste alijua kwamba Profesa André alikuwa amehamia Ubelgiji tangu miaka mitatu, kwani mwenyewe alimwandikia akiomba cheti cha siku zake tisa, na anwani ilikuwa ya huko. Basi na kule kulikuwa na mtu aliyeandika jina la mtu asiyekuwepo. Huko hakuna aliyeuliza rejesta.

Alikaa na mambo hayo mawili. Moja halikuliondoa jingine. Alisema baadaye kwamba kama angalau moja kati ya hayo lingekuwa uongo, angepumua.

Wiki ile Ndihokubwayo alipiga simu kutoka Bujumbura. Alikuwa amesikia habari redioni.

"Ndugu Modeste, poleni sana. Nilijua watatuonea. Lakini niambie, jina langu lilisaidia hata kidogo?"

Modeste alishika simu muda mrefu hivi kwamba Ndihokubwayo alidhani mtandao umekatika, akaita "Alo? Alo?" mara kadhaa, kisha akakata mwenyewe.

Kulikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Modeste alipeleka rejesta ofisini kwa DG, akaiweka juu ya meza na kufungua nailoni.

"Kumbe iko nzima," DG akasema polepole.

"Iko nzima. Mukubwa, tuandike. Tuseme liste ilikuwa ya uongo, ya kweli njo hii. Banne. Tuko na hamsini na tatu."

"Na minye niende gereza?" DG hakupandisha sauti. "Na weye? Ule mwandiko ni wa nani? Papa Modeste, sikiliza. Leo mji wote uko nyuma yetu. Hata meya. Labda bataogopa, batabadilisha. Weye unataka kusimama mbele ya bale batu benye walikupigia makofi, useme nini?"

"Niseme tulidanganya."

"Tulidanganya juu walitufundisha kudanganya!"

"Banafunzi bako mia tatu na kumi na mbili, mukubwa."

"Najua hesabu ya banafunzi bangu." DG akasukuma rejesta pembeni. "Sitatia sahihi. Irudishe kwako."

Basi Modeste akaenda Bwegera, rejesta kifuani chini ya koti, juu ya pikipiki. Ilikuwa asubuhi. Pudentienne na Fabiola walikuwa shambani, miguu ndani ya tope, wakipandikiza mpunga. Fabiola alikuwa amerudi kumsaidia mama yake akingoja habari za chuo. Walipomwona amesimama kwenye tuta na viatu vya mjini, walitoka.

Aliwaeleza yote akiwa amesimama pale pale. Hakumtaja DG kwanza. Alianza na mkono wake mwenyewe, na swali la mkaguzi, na jibu lake kwamba maji yaliichukua. Pudentienne alisikiliza huku akipangusa tope vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Kaka," akasema mwishoni. "Ulisimama mu kanisa yetu."

"Nilisimama, dada."

"Nilifungua mizigo yake na hii mikono. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu."

Fabiola ndiye aliyeuliza, macho yake yakiwa juu ya kile kitu kifuani kwa mjomba wake. "Na kile chuo cha Kinshasa, chenye majina yale yale, bo balipata B?"

"B."

"Basi batu ba redio hawadanganye."

"Hawadanganye. Lakini kama ningetoa hii siku ile, ungekuwa na diploma."

Fabiola akanawa mikono katika mfereji, akaikausha kwa kitenge cha mama yake. "Lete," akasema.

Walikaa nyumbani, mezani, mlango wazi ili kuwe na mwanga. Modeste alifungua kurasa, Fabiola akapiga picha kwa simu yake, moja moja, kurasa arobaini na sita za saa za Ndihokubwayo na wenzake watatu. Modeste akaandika barua ya ukurasa mmoja, akiandika jina lake na kazi yake, akieleza alichofanya na tarehe aliyoifanya. Ile namba ya Cyprien bado ilikuwa mfukoni mwa koti, imelainika kwa kukunjwa. Wakatuma vyote.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Fabiola alimsomea mjomba wake kwa simu.

"Mzee, nimesoma yote. Hii ingetosha siku ile, hata mimi ningefurahi. Nimepeleka kwa wakubwa, wanasema rufaa inapokelewa kwa sahihi ya mkuu wa chuo na muhuri tu. Samahani. Ile ya Profesa André nimewaonyesha pia. Wamesema si swali la leo."

Modeste hakumficha DG alichofanya. Alimwambia siku hiyo hiyo, na DG akawaambia wengine kwa namna yake. Jumamosi redio ikasema kwamba kuna mtu ndani ya chuo aliyekuwa akiwapelekea Kinshasa siri, na kwamba sasa inaeleweka D ilitoka wapi. Hawakutaja jina. Hawakuwa na haja. Jumapili asubuhi mkewe, Honorine, alifungua mlango na kukuta mtu ameandika juu yake kwa makaa, kwa herufi kubwa: KINSHASA. Alisugua kwa sabuni hadi saa sita, na bado herufi K ilibaki.

Sisi wanafunzi tuliamini. Ni lazima niandike hivyo. Alipopita barabarani tulinyamaza, na mmoja wetu alimwita kwa sauti: "Papa Kinshasa! Walikulipa kwa A ao kwa B?" Tulicheka. Majuma machache kabla ya hapo tulikuwa tumemshikisha kitambaa.

Siku thelathini zilipita. Mwezi wa kumi ilikuja amri ya kufunga chuo na kuwarudishia wanafunzi mafaili yao, yale yenye diploma za sekondari, ili kila mtu atafute pa kwenda. DG alikuwa amekwisha kumwandikia Modeste barua ya kumwachisha kazi, lakini alilazimika kumwita tena kwa majuma mawili, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua faili gani iko ndani ya katoni gani. Modeste alikuja. Maji yalikuwa yameshuka, yakaacha mstari wa kijivu ukutani kwenye kimo cha goti. Aliketi chini ya mstari huo, rejesta ya wanafunzi mbele yake, rula kulia, wino kushoto.

Tulipanga foleni. Kila mmoja alifika, akapewa faili, akatia sahihi, na Modeste akapiga mstari juu ya jina. Wengi hawakumsalimu. Mimi nilimsalimu, lakini kwa sauti ambayo sidhani aliisikia.

Fabiola alifika siku ya tano, kwa pikipiki kutoka Bwegera. Viatu vyake vilikuwa na tope la shambani. Juma lile Josée alikuwa amemwita kituoni, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kungoja tena kitu ambacho hakitakuja, na kwamba darubini itapelekwa Sange, ambako damu inakwenda hata hivyo. Alikuwa amemsaidia Josée kuifunga katika sanduku lake.

"Shikamoo, mujomba."

Modeste aliitikia kwa kichwa. Alitoa faili yake bila kuitafuta. Ilikuwa juu kabisa, pengine ilikuwa juu kabisa tangu siku ya kwanza. Fabiola akatia sahihi. Modeste akashika rula, akaiweka juu ya jina, na mkono ukabaki hapo hapo.

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. "Mbio, Papa Kinshasa," mtu akasema.

Fabiola akageuka. "Weye nyamaza," akasema. "Jina ni la kwako?" Kisha akamgeukia mjomba wake tena. "Piga. Lakini usipige mbio mbio. Fanya vile unafanyaka."

Modeste akachovya kalamu. Alivuta mstari kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, mwembamba, ulionyooka, akanyanyua rula taratibu ili wino usichafuke. Fabiola akainama juu ya rejesta, kama mtu anayesoma jibu la damu, akakaa hivyo mpaka wino ukakauka.

"Inasomeka," akasema.

Akachukua faili, akaiweka ndani ya mfuko wa mchele ili isinyeshewe njiani, akatoka. Modeste akapangusa ukingo wa rula kwa kitambaa, akamwita aliyefuata.